Msiba Ambao Mfiwa Alikuwa Mgonjwa

Jumapili, Iyunga. Ukungu umechelewa kutoka leo, na hata baada ya kutoka jua ni la kuangalia tu, halina joto. Baridi ya Juni hapa Mbeya haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya blanketi. Nimevaa soksi mbili mbili na nimekaa mlangoni naandika.

Hali ya moyo: afadhali.

Zamani nilidhani "afadhali" ni neno la watu waliokata tamaa. Siku hizi nalipenda. Si nzuri, si mbaya sana, na halidanganyi mtu.

Wiki hii nimeliliwa nikiwa hai. Mtaa mzima unaijua hiyo habari, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Jana nimesikia dukani kwamba nilizinduka ndani ya sanda. Kwa hiyo naomba niandike mwenyewe ilivyokuwa, kabla sijafika mahali pa kuwa mzimu.

Nianzie kwenye ndoo. Mwezi uliopita niliroweka nguo Jumamosi moja, nikasema nitazifua mchana. Mchana ukapita. Jumapili nikazitazama nikaona ni nyingi. Baada ya hapo nikawa naipita ile ndoo kama mtu anavyompita jirani waliyegombana naye. Maji yakabadilika rangi, yakaanza kunuka, na mimi badala ya kufua nikafunika ndoo kwa beseni. Zilikuwa nguo nne tu.

Kila kitu kikawa hivyo. Kuoga ikawa safari ya kujipanga. Kuchemsha chai nikaona ni kazi ya watu wenye nguvu zao. Usingizi ulinikimbia alfajiri, halafu nikalala nimetazama ukuta mpaka kipindi cha asubuhi kinaisha na wenzangu wanarudi wakicheka. Na hakuna kilichokuwa kimetokea. Sikuachwa na mtu. Sikufeli somo. Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililonitesa zaidi, maana mtu akikuuliza una nini, unatamani uwe na jibu. Mimi sikuwa nalo, nikawa nasema malaria. Ndani ya mwezi mmoja niliugua malaria nyingi kuliko Mafinga nzima kwa mwaka, na Mafinga kwenyewe mbu wanaogopa baridi.

Mafinga ndiko nyumbani. Mama yangu anapikia mafundi kwenye kiwanda kidogo cha kuchana mbao, na huwa ameshainjika chai kabla misumeno haijaanza kulia. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo mama hajawahi kuniambia nisome kwa bidii kama wazazi wengine wanavyosema. Anachosema ni, "Edi, mimi nimebaki na wewe."

Sasa mtu ukishaambiwa hivyo, unapigaje simu kumwambia mama yako kwamba huoni sababu ya kuamka? Kila jioni alipopiga nilikaa kitako, nikasafisha koo, nikatoa sauti ya mtoto aliyeshiba. Kamwene mama, salamu ya kwetu. Nimekula mama. Masomo yanaenda. Nikikata simu narudi ukutani. Ikafika mahali hata hiyo sauti nikaishiwa, nikazima simu na kuisukumia chini ya begi.

Niliogopa kitu kimoja tu. Mama akijua, ataanguka, na nitakuwa nimemwangusha mimi.

Haya, sasa Tumpe.

Kama kuna siku nimewahi kuandika humu mabaya juu ya Tumpe, kwamba anakoroma, kwamba anaimba sauti ya pili hata pale ambapo hakuna anayeimba ya kwanza, kwamba akikopa kalamu imekwenda, leo nayafuta yote. Hapana, la kukoroma libaki.

Tumpe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, ana mikono ya mtu aliyechuma chai tangu akiwa mdogo. Tunasoma ualimu pamoja, na tangu mwaka wa kwanza tumepanga chumba kimoja hapa kwa Mama Gwamaka. Mwanzoni naye alifanya kama wanavyofanya wote. Aliniambia nijikaze. Aliniambia niombe. Aliniletea parachichi za kwao na kunisimulia vichekesho, na mimi nilitamani atoke nje. Watu wa "jikaze" nina ugomvi nao mpaka leo. Anayeweza kujikaza hahitaji kuambiwa. Lakini Tumpe alipoona maneno yake hayafanyi kazi aliyaacha, hakuyaongezea sauti. Ni wachache wanaojua kuacha.

Jumanne tulikuwa na test. Alivaa, akachukua begi, akafika mlangoni. Kisha akarudi, akavua viatu, akakaa sakafuni ameegemeza mgongo kwenye kitanda changu. Test ile naye aliikosa, na hajanikumbusha hata kwa utani. Halafu akaniuliza lile swali ambalo watu wanaliogopa, kama huwa nafikiria kufa. Hakunong'ona. Aliuliza kama anavyouliza kila siku kama chumvi imebaki.

Kwa kuwa aliuliza hivyo, nilijibu ukweli. Nilimwambia sijapanga kitu chochote, ila kila nikilala natamani nisiamke.

Sikuwa nimewahi kulisema kwa sauti. Lilipotoka nilishtuka, kana kwamba kuna mtu mwingine chumbani amelisema. Nilimsubiri Tumpe aseme "usiseme hivyo," au "kumbuka mama yako," au aanze kukemea mapepo, maana kwaya yao wanakemea sana. Hakufanya hata moja. Alisimama akanitafutia sweta.

"Vaa," akasema. "Twende hospitali."

Kwenye bajaji alinishika mkono njia nzima, kwa nguvu, kama vile mimi ni mzigo ambao ungeweza kudondoka kwenye matuta. Daktari tuliyempata alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alinisikiliza bila kutazama simu yake. Akaniambia huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, haukuletwa na uvivu wala na imani ndogo, na watu wanatibiwa na wanapona. Akaniandikia dawa na kunipangia Jumatatu nirudi kuanza mazungumzo na mshauri. Mimi nilikuwa nalia tu, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kukemewa.

Kabla hatujatoka alimgeukia Tumpe na kumwambia kwamba kwa siku hizi za mwanzo nisiachwe peke yangu.

Nadhani daktari alimaanisha Tumpe asilale mbali. Tumpe hakuelewa hivyo.

Kwao Tukuyu, na hata kwetu Mafinga, kuna namna moja ya kutomwacha mtu peke yake, na kila mtoto ameiona kabla hajaanza shule. Ni msiba. Mtu akifiwa, watu wanahamia kwake. Wanawake wanatandika mikeka, wanafunga vitenge kiunoni, wanainjika masufuria nje, na wanalala hapo hapo. Hakuna anayemwambia mfiwa ajikaze siku ya kwanza. Hakuna anayemlazimisha kuongea. Akitaka kulia analia, akinyamaza wananyamaza naye, akikataa chakula wanakiweka pembeni na baada ya muda wanakileta tena. Wakati huo huo wao wanamenya viazi na kusimuliana mambo yao, ili nyumba isiwe kimya. Nimekaa misiba mingi na sikuwahi kuona kwamba hiyo ni tiba. Tumpe aliona.

Jioni ile ile akawapigia simu wasichana wa kwaya yake na wengine wa darasani kwetu. Asubuhi ya Jumatano nilipotoka nje kwenda chooni nilikuta uani mikeka imetandikwa, mafiga yamepangwa, sufuria kubwa la kanisa liko motoni, na wasichana wamefunga vitenge kama wakwe waliofika mapema. Wakaniamkia wawili watatu kwa Kinyakyusa, "Ugonile," nami nikaitikia "Ndaga" kama nilivyofundishwa. Basi. Hakuna aliyeniuliza naendeleaje. Mmoja alisogea tu kwenye mkeka kunipisha.

Nililala pale, nimejifunika kitenge mpaka masikioni. Juu yangu wakawa wanabishana kuhusu mhadhiri mmoja na suruali zake, kuhusu ndizi za Tukuyu na za Kyela zipi zinalainika vizuri, kuhusu mchumba wa mtu fulani anayeandika meseji ndefu kama mahubiri. Walipokezana. Wa kipindi cha asubuhi wakiondoka, wa mchana wanaingia, na wanakabidhiana mimi kwa macho tu. Uji ukifika unawekwa karibu na mkono wangu. Sikunywa wa kwanza. Wa pili nilikunywa nusu.

Mchana nikamwona Tumpe ameinama bombani. Alikuwa amefunua ile ndoo. Harufu yake ilifika mpaka kwenye mkeka, na nilitaka kufa kwa aibu, safari hii kwa maana ya kawaida. Alimwaga yale maji, akasuuza mara kadhaa, akafua zote nne huku akiimba sauti yake ya pili, akaanika. Kisha akaja akakaa, akaanza kumenya ndizi.

Nimesoma mwaka wa pili sasa mambo ya saikolojia ya elimu, na naweza kukuandikia kurasa juu ya namna ya kumsaidia mwanafunzi mwenye msongo. Hakuna mahali panaposema umfulie nguo zilizooza. Nampenda Tumpe mpaka nakosa pa kuliweka hilo pendo.

Sasa tufike penye kichekesho.

Hapa Iyunga, mtu akiona mikeka uani siku ya kazi, sufuria kubwa nje na wasichana waliofunga vitenge kiunoni, haulizi. Anajua. Na kuuliza ukiwa unafika ni kukosa utu. Unaingia, unapeana mikono na watu, unakaa, habari za marehemu utazipata taratibu. Alhamisi asubuhi akaingia baba mmoja jirani, mwenye gereji kule barabarani, na mzigo wa kuni begani. Akazitua, akatupa pole sote, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na ukuta. Wasichana wakadhani ni mkarimu tu. Wakafuata akina mama watatu na unga kwenye beseni. Wakafuata wengine na maharage. Kufikia saa tano benchi la wanaume limejaa, wamekunja mikono, na mmoja wao kashaanza kuuliza pembeni kama vijana wa kuchimba wamepatikana.

Mama mmoja ambaye sijawahi kumwona akaja akakaa kwenye mkeka wangu. Akaniona nimejifunika nalia, akajua huyu ndiye mfiwa. Akanivutia kifuani kwake, akanipapasa mgongo. "Pole mwanangu," akasema. "Pole sana. Lia tu."

Nilipaswa kumwambia amekosea. Sikuweza. Mwezi mzima hakuna aliyekuwa amenipa pole, na mimi sikuwa nimejipa. Ile pole ilikuwa ya mtu mwingine, lakini ilinienea, na nikalia kifuani kwa yule mama mpaka kitenge chake kikalowa.

Na hapo ndipo alipoingia Mama Gwamaka.

Mama Gwamaka, mwenye nyumba wetu, alikuwa Kyela kwa binti yake tangu wiki iliyopita. Alikuwa hajui lolote. Amefika getini kwake na begi na mfuko wa mchele, akakuta mtaa wote umekaa uani, wanaume kimya, wanawake wamejitanda, na msichana analia kifuani kwa mtu. Mtu akiona hivyo nyumbani kwake anawaza wa kwake. Mfuko ulimponyoka. Akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka Mwanjelwa, akaita majina ya watoto wake wote, mmoja mmoja, na akina mama waliokuwa wamejizuia nao wakafungulia. Hapo kila mtu akawa na uhakika. Msiba upo.

Mmojawapo wa waliokuwepo ni mama mwenye ndugu zake Mafinga. Anajua mimi natokea huko. Akatoka nje ya geti na kupiga simu kwao: kwenye nyumba anayokaa binti wa yule mama mpishi wa kiwandani kuna kilio kikubwa.

Hilo sisi hatukulijua wakati ule. Wakati ule Tumpe alikuwa amesimama katikati ya uwanja na mwiko mkononi, anageuka huku na huku, amechanganyikiwa kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kisha akauweka mwiko chini. Akasogea mbele, pale ambapo huwa anasimama msemaji wa familia, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao.

"Wazazi wangu, shikamooni," akasema. Waliokuwa wanaweza kuitikia wakaitikia. "Naomba mnisamehe. Hapa hakuna aliyefariki. Mama, watoto wako wote ni wazima. Ni huyu mwenzetu Editha, anaumwa sonona. Moyo umemwelemea mpaka hataki kuamka. Daktari amesema asikae peke yake, na sisi hatujui namna nyingine ya kukaa na mtu."

Nilijifunika uso. Ugonjwa niliomficha mama yangu kule Mafinga sasa unajulikana na mwenye gereji.

Mama Gwamaka alikuwa wa kwanza kuongea, na hakuongea mazuri. Alimwambia Tumpe kwamba amemuua na kumfufua ndani ya dakika moja, na kwamba angekuwa na fimbo angemchapa. Mama mmoja akainuka, akachukua beseni lake la unga, akaondoka akisema msiba hauchezewi, mnajiitia. Simlaumu, hayo ndiyo aliyofundishwa. Nikangoja na wengine wafuate.

Yule baba wa gereji akakohoa.

"Basi kuni zibaki," akasema. Kisha akauliza kama chai imeiva.

Watu wakacheka. Walicheka vibaya, kile kicheko cha watu waliotoka kulia, na Mama Gwamaka naye akacheka akiwa bado anafuta machozi. Wengi walikaa. Walikunywa chai, wakaondoka mmoja mmoja, na kila aliyepita kwenye mkeka wangu alinipa mkono. Baadaye, watu walipopungua, Mama Gwamaka alikuja akakaa karibu nami na kuniambia, huku anachambua maharage, kwamba alipomzaa Gwamaka alilala ametazama ukuta kwa miezi. Walisema amelogwa. Wakampeleka huku na kule. Hakuna aliyekaa naye, akasema, walikuwa wanakuja kumtazama tu na kuondoka. Akamaliza maharage akaondoka, na hatujaliongelea tena.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio kilitangulia, nikaumbuka nikiwa hai. Nashukuru kwa mpangilio huo.

Ijumaa mchana mama alifika.

Alikuwa amepata habari Alhamisi jioni, kupitia watu watatu, na kila mtu alikuwa amepunguza neno. Alipiga simu yangu, haipatikani. Namba ya Tumpe hana. Akapiga tena mpaka kunakucha. Alfajiri akapanda basi na mfuko wa maharage na kitenge cha kujitanda, kama mtu anavyokwenda msibani, na hakumuuliza mtu yeyote njiani. Anasema aliogopa kuuliza.

Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, juani, na kikombe cha uji. Aliyemwona ni Tumpe. Hawajawahi kukutana. Anasema alimwona mama mfupi amesimama nje ya geti, mzigo kichwani, hapigi hodi wala haondoki, na akajua ni nani kwa sababu paji la uso ni langu. Kwao msichana anamsalimia mama mkubwa akiwa amechuchumaa. Tumpe akachuchumaa pale pale kwenye vumbi. Mama hakuitikia salamu. Ndipo Tumpe akasema neno ambalo mama amelirudia tangu Ijumaa kwa kila anayekuja.

"Mama, Editha yupo nyuma. Anakunywa uji."

Kati ya maneno yote ambayo angeweza kuanza nayo. Angeweza kuanza kueleza, kujitetea, kusimulia kosa la mtaa. Alianza na uji. Nimelifikiria hilo siku mbili na bado linanistaajabisha.

Mama alizunguka kona ya jiko akiwa na mzigo kichwani. Akaniona. Akautua taratibu, akakaa chini, si kwenye mkeka, chini kabisa, akanishika mguu. Alinishika kwenye kifundo, akaendelea kukishika. Mkono wake ulikuwa baridi kuliko mguu wangu. Nilimwambia hapo hapo, kwa sababu nilijua nikivuta pumzi nitarudi kusema malaria. Nilimwambia hakuna aliyekufa, mimi ndiye naumwa, tangu muda mrefu, na kila jioni nilikuwa namdanganya kwenye simu. Nilimwambia na lile nililomwambia Tumpe, la kutamani nisiamke.

Nilimtazama nione anavyoanguka.

Hakuanguka. Aliuliza dawa ninakunywa saa ngapi. Kisha akafunga kitenge kiunoni, akamwendea Tumpe na kumuuliza zamu zimepangwaje, na yeye aingie wapi. Tumpe alimpa usiku. Nimelala karibu na mama siku mbili, na kumbe naye anakoroma. Kati yao wawili sijui nani alikuwa anaongoza na nani anaitikia, lakini nimelala.

Sijapona. Niandike na hilo, maana najua kuna atakayesoma hapa akiwa ametazama ukuta, na sitaki kumdanganya kwamba chai na mikeka vinatosha. Jana mchana uzito ulirudi bila sababu, nikalala saa tatu nzima. Dawa inanikausha mdomo. Naoga sasa, ila naoga kama mtu anayetimiza wajibu, na nikimaliza najipongeza kimoyomoyo kama mtoto. Nimejifunza kusema "leo vibaya" bila kuongeza maelezo. Test nitaiomba upya, na Tumpe naye, na tukikataliwa tutajua la kufanya. Kesho ndiyo Jumatatu ya kliniki. Kama wewe unayesoma unatamani usiamke, mwambie mtu mmoja leo. Chagua yule anayejua kuacha.

Ila kabla sijafunga, niandike la leo asubuhi.

Mama hakwenda kanisani. Alinikalisha kati ya magoti yake akaanza kunisuka, maana nywele zangu zilikuwa zimekuwa kiota. Kwa kuwa simwoni uso, nilipata ujasiri. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nilimficha nikiogopa kumwangusha, halafu nikamfanyia kibaya kuliko hicho, nikamsafirisha njia yote ile akidhani anakuja kunizika.

Mikono yake ikasimama kichwani kwangu.

"Edi," akasema. "Toka Mafinga mpaka hapa nilikuwa na ombi moja. Nilikuwa nasema, Mungu, nikamkute mtoto anaumwa. Anaumwa tu."

Niliegemeza kichwa kwenye goti lake.

"Naumwa, mama," nikamwambia.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Inama, nimalizie huku nyuma."